Paka Anaijua Nyumba kwa Pua

Hotuba hii niliitoa Jumapili alasiri mbele ya jumuiya yetu ya Waswahili hapa Milton Keynes, Uingereza. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote, nami naiweka kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi wanangu mlioketi kwenye zulia pale mbele, nimewaona, na najua mmekuja kwa ajili ya paka tu.

Dada yetu aliyekaa safu ya pili, Jumamosi ijayo anakwenda kumchukua mtoto wa paka wa ukoo, yaani wa mbegu maalumu yenye nasaba iliyoandikwa, British Shorthair wa kijivu, kwa mfugaji upande wa Bedford. Watoto wake wamehesabu siku mpaka kalenda imechakaa. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu akaniambia, "Shoga, nimeshanunua kitanda, midoli, na mnara wa kupanda. Kumebaki nini tena?" Nikamwambia, mwenzangu, kumebaki karibu yote. Simu ilikatika kabla sijamaliza, kwa hiyo leo namjibu mbele yenu.

Niseme ukweli, wengi wetu hatukulelewa na mambo haya. Mimi nimezaliwa Lamu. Lamu, nani aliwahi kujiandaa kwa ajili ya paka? Paka yupo tu! Yupo barazani, yupo gatini wavuvi wakishusha samaki, yupo juu ya ukuta wa jirani. Anazaa chini ya kitanda cha bibi bila kumwomba mtu ruhusa, na vinyau wale wakianza kutembea wanaijua kila pembe, kwa sababu wamezaliwa mle mle. Hawakuhama.

Hapo ndipo penye tofauti. Kinyau anayetoka kwa mfugaji kuja kwako amehama. Mchana mmoja tu, kampoteza mama, kawapoteza ndugu zake, na kazipoteza harufu zote alizozijua tangu macho yake hayajafunguka. Kinyau huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Chuchu ya mama huitafuta kwa pua. Pua ndiyo inayomwambia, hapa ni kwetu.

Kwa hiyo jambo langu leo ni moja, na nitalirudia hata mlichoke. Paka anaijua nyumba kwa pua. Sisi twaijua kwa macho, ndiyo maana tukiandaa tunanunua vya kutazamwa: kitanda cha manyoya, midoli ya rangi, bakuli lenye jina lake. Hivyo tumejiandalia sisi. Yeye bado hajaandaliwa kitu.

Najua wapo humu wanaosema moyoni, haya ya paka wa ukoo ni mambo ya Wazungu. Nawaomba mnisikilize kidogo. Kule pwani ya Kenya, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, wako paka wembamba wenye miguu mirefu na manyoya ya mabaka ya kahawia. Wagiriama walikuwa na jina lao, khadzonzo, wakiyafananisha manyoya yake na gome la mti. Mwaka 1978 mwanamke aliyekuwa akiishi huko, Jeni Slater, aliwakuta watoto wa paka hao akawalea. Miaka ya 1980 baadhi ya uzao wao wakapelekwa Denmark, na miaka ya 1990 shirikisho la vyama vya paka la Ulaya likawakubali kuwa ukoo kamili. Leo ukisoma orodha za koo za paka duniani utakuta jina Sokoke. Huyo ametoka kwetu! Basi tusiseme haya hayatuhusu.

Sasa turudi kwa dada yetu. Maandalizi yanaanzia wapi? Hayaanzii dukani. Yanaanzia nyumbani kwa mfugaji, mbele ya mama wa kinyau.

Mimi nimefanya kazi ya uuguzi wa wanyama miaka 11. Asubuhi moja alikuja kijana na kinyau wa ukoo wa Persian kwenye boksi la viatu. Alikuwa kamnunua jana yake usiku. Nikamuuliza, mama yake ulimwona? Hapana, tulikutana kwenye maegesho ya magari, muuzaji alisema ni njia ya kunirahisishia safari. Ana umri gani? Wiki 12. Nikamweka kwenye mizani. Gramu 640. Ndugu zangu, kinyau huongezeka kama gramu 100 kwa wiki. Huyu hakuwa wa wiki 12, alikuwa wa wiki sita au saba. Nikakiinua kitambaa alicholalia nikakinusa. Kilinuka petroli. Hakikuwa na harufu ya mama wala ya maziwa wala ya paka mwingine yeyote. Ilikuwa petroli tupu. Alikuwa anaharisha damu, chanjo hakupata hata moja, na siku ya tatu akafa mkononi mwa mwenzangu. Kijana yule alikuwa amelipa pauni 700. Alilia pale mapokezi kama mtoto, na mimi sikuwa na neno la kumpa.

Wazee wetu walituonya kuhusu kununua mbuzi kwenye gunia. Je, kwa paka tutasahau?

Sheria ya Uingereza iko upande wenu. Tangu Aprili 2020, huku England, mfanyabiashara haruhusiwi kukuuzia mtoto wa paka wa chini ya miezi sita ambaye hakumzalisha mwenyewe. Ina maana duka na dalali wametolewa. Unakwenda kwa mfugaji, unamwona kinyau yuko na mama yake, pale walipozaliwa. Akikwambia mama yuko kwa daktari, mwambie utarudi siku nyingine. Akikwambia tukutane njiani, usiende.

Na umri. Chama kikongwe cha paka cha nchi hii, GCCF, kinawataka wafugaji wake wasimtoe kinyau kabla ya wiki 13, awe amemaliza chanjo zake na zimepita siku saba. Watu wananiuliza, mbona muda mrefu hivyo, si anakula mwenyewe wiki ya nane? Anakula, ndiyo. Lakini zile wiki za kati ndizo anazofundishwa na mama na ndugu zake. Akimuuma ndugu yake kwa nguvu, ndugu anapiga kelele na mchezo unakwisha. Huko ndiko anakojifunza kiasi. Ukimtoa mapema, somo hilo atakuja kulimalizia kwenye mikono ya watoto wako.

Ukiwa pale uliza maradhi ya ukoo, na usione haya kuuliza. Persian anaweza kurithi uvimbe wa maji kwenye figo, na kipimo cha vinasaba kipo. Maine Coon na Ragdoll wana maradhi ya misuli ya moyo, na kipimo kipo vilevile. Kwa British Shorthair kama wa dada yetu, ombeni kuona majibu ya picha za moyo za wazazi. Mfugaji mwema atakutolea faili kabla hujamaliza sentensi. Na mimi nina ombi langu binafsi: msinunue Scottish Fold, yule mwenye masikio yaliyokunjwa. Ukoo ule ulitokana na paka mmoja wa shambani huko Scotland, Susie, mwaka 1961. Kile kinachoyakunja masikio ni ulemavu wa gegedu, yaani mfupa laini, na gegedu haiko masikioni tu. Iko kwenye miguu na kwenye mkia. Nimewashika paka hao wakiwa na miaka mitatu, wanatembea kama wazee wenye baridi yabisi. Uzuri wa sura ile wanaulipia wao kila wanaponyanyua mguu.

Karatasi nazitaja upesi: cheti cha nasaba, fomu ya kuhamisha umiliki, kadi ya chanjo, namba ya chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Chipu ikishakuwepo hakikisheni inabadilishwa iandikwe jina lenu, maana tangu Juni 2024 huku England kila paka lazima awe nayo kabla ya wiki 20, na chipu yenye jina la mfugaji haitamrudisha kwenu akipotea. Someni pia mkataba. Wengi wanauza kwa sharti paka asizalishwe. Kama umekubali, umekubali.

Kabla hujaaga pale, mpe mfugaji kitambaa. Taulo ndogo, shuka kuukuu, chochote. Mwombe akitandike wanapolala mama na wanawe mpaka siku ya kuja kumchukua. Na umuulize mambo mawili: anakula chakula gani, na anatumia mchanga gani. Jina lake hasa, na ladha yake hasa. Halafu nunua hivyo hivyo, hata kama dukani umeona kingine kilicho bora. Kubadilisha kutakuja baadaye, kidogo kidogo, kwa siku saba hadi kumi. Siku aliyompoteza mama yake si siku ya kumbadilishia chakula.

Mnaona? Bado sijafika nyumbani kwako, na tayari tuna kitambaa, chakula na mchanga. Vyote vitatu ni harufu.

Sasa nitawasimulia kosa langu. Paka wangu wa kwanza wa ukoo nilimleta mwaka 2014, Ragdoll, mweupe mwenye barakoa ya kahawia. Nilikuwa nimemsubiri miezi mitano. Nikafanya kama tufanyavyo Waswahili tukipata mgeni wa heshima. Nikapiga deki kwa dawa yenye harufu ya msonobari. Nikapika pilau. Nikachoma udi nikaufukiza mpaka kwenye mapazia. Nikaalika majirani, watoto wao wakaja, tulikuwa watu 14 sebuleni. Nikaliweka boksi katikati ya zulia, nikalifungua, watu wakapiga vigelegele.

Alitoka mbio sikuwahi kuona. Akapita kati ya miguu, akaingia jikoni, akajipenyeza kwenye tundu la ubao ulio chini ya makabati, tundu ambalo hata sikujua kuwa lipo. Akakaa humo saa 31. Mume wangu alilala kifudifudi na tochi. Tulikuwa tunaona macho mawili tu, na vumbi kwenye sharubu zake, na ubavu unapanda na kushuka upesi upesi. Hakula, hakunywa. Nikimwita anazidi kurudi nyuma.

Usiku wa pili nikampigia mfugaji, bibi mmoja wa makamo. Nilidhani atanigombeza. Aliniuliza swali moja tu: nyumba yako inanuka nini?

Nikanyamaza. Inanuka nini? Inanuka udi, vitunguu, dawa ya deki, na manukato ya watu 14. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa yeye mwenyewe. Akaniambia, chukua lile boksi alilosafiria na kile kitambaa nilichokupa, uviweke karibu na tundu, zima taa, funga mlango, nendeni mkalale. Kile kitambaa! Nilikuwa nimekitupa kwenye kapu la nguo chafu kwa sababu kilikuwa na manyoya. Nikakitoa. Alfajiri nilipoamka kuswali nikachungulia. Alikuwa ndani ya boksi, amejikunja juu ya kitambaa kile, pua ameizika kwenye pindo.

Ndugu zangu, paka anaijua nyumba kwa pua. Mimi nilifundishwa hivyo na tundu la jikoni.

Kwa hiyo udi. Najua nagusa mahali penyewe. Kwetu mgeni hupokelewa kwa udi, na nyumba isiyonukia tunaona imepungukiwa. Mgeni huyu msimfukizie. Moshi unamkera kifuani, na harufu kali inazifunika zote alizozitafuta. Na yale mafuta ya kunukia ya kwenye vichupa, hasa ya mti wa chai, hayo ni sumu kabisa akijilamba nayo, maana ini la paka haliwezi kuvunja baadhi ya vitu ambavyo letu linavimudu. Ndiyo sababu hata panado, kidonge kimoja tu cha panado, kinamuua. Asimpe mtu dawa ya binadamu, hata kwa huruma.

Mwandalieni chumba kimoja. Kimoja! Chumba cha wageni, au chumba cha kulala kisicho na pilikapilika. Humo kuwe na beseni la mchanga pembe moja, chakula na maji pembe nyingine, mbali na mchanga, kwa sababu paka hali karibu na choo kama wewe usivyokula. Kuwe na mahali pa kujificha, hata katoni iliyotobolewa mlango. Na lile boksi la safari liache wazi, kitambaa kiwe ndani.

Halafu piga magoti. Nasema kweli, piga magoti, kisha tembea kwa mikono uwe na kimo chake. Utaona tundu nyuma ya radieta, utaona waya wa taa, utaona upenyo wa chini ya kabati. Ziba. Dirisha lifunge. Mashine ya kufulia, zoea kuitazama ndani kabla hujaiwasha. Na mama zangu mnaoshona kofia, hapa nawaangalia nyinyi: uzi na sindano usiviache kwenye mkeka hata dakika moja. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea nyuma, akishaanza kumeza uzi hawezi kuutema. Unashuka, unakunja matumbo kama kamba ya suruali. Nimesimama kwenye upasuaji wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na uzi wenyewe hauzidi urefu wa mkono wangu.

Kuna mama aliniuliza nilipokuwa naandaa maneno haya: je, kumfungia chumbani si dhambi? Si kuna yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka? Swali zuri, na limenigusa. Waislamu mliomo mnaijua hadithi hiyo. Mwanamke yule alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kosa lilikuwa njaa. Wewe unamlisha mara tatu au nne kwa siku, unaingia, unaketi sakafuni, unasoma kitabu chako kimya. Chumba kile kwake si jela. Ni mahali padogo ambapo pua yake inaweza kupamaliza. Akishakisugua kila kona kwa shavu lake, anaacha harufu yake pale, na chumba kinakuwa chake. Siku hiyo atasimama mlangoni akulilie umfungulie cha pili.

Itachukua muda gani? Wengine siku mbili, wengine wiki. Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu msimpe jembe siku ya tatu. Msimbebe kumwonyesha jirani, msimpige picha na taa usoni, msimwogeshe.

Kama mnaye paka mwingine, msiwakutanishe ana kwa ana. Wakutanisheni vitambaa. Alicholalia mgeni mpelekee mwenyeji, cha mwenyeji mpelekee mgeni, na kila mmoja mpe chakula karibu na kitambaa cha mwenzake. Baada ya siku kadhaa wanafahamiana kabla hawajaonana. Mabeseni ya mchanga yawe moja zaidi ya idadi ya paka. Wawili, mabeseni matatu. Kwenye hili msibane matumizi, mtalilipia kwa zulia.

Na maua. Lili, yale makubwa yenye chavua ya rangi ya chungwa, yanayouzwa supamaketi na kupelekwa harusini na kwa wagonjwa. Jani lake, chavua yake, hata maji ya chombo chake, vyote vinaua figo za paka. Inatosha chavua imdondokee mgongoni ajilambe. Bwana mmoja alimletea mkewe shada Siku ya Mama, na Jumatano alikuwa amekaa kwangu na paka wa miaka minne kwenye blanketi. Alirudia kusema, "Yalikuwa maua tu." Kama kuna mwenye kinyau nyumbani, yasivuke kizingiti.

Wanangu mlio kwenye zulia, hili ni lenu. Nani anataka kuwa rafiki yake wa kwanza? Mikono yote imeinuka! Basi sikilizeni. Rafiki yake wa kwanza atakuwa yule atakayekaa chini, kimya, asimfuate. Unanyoosha kidole kimoja tu, hivi, kimo cha pua yake, unangoja. Akija kukinusa, usimshike. Mwache amalize. Akikigusa kwa shavu, hapo ameshakuandika jina.

Dada yangu wa safu ya pili, sasa ni wewe. Ijumaa usiku usipike vitunguu, na udi upumzike. Jumamosi uondoke mapema, na kitambaa usisahau kukidai. Njiani lifunike boksi, redio izimwe, na akilia ongea naye kwa sauti ya chini, usilifungue. Ukifika usipite sebuleni. Nenda moja kwa moja chumbani, funga mlango, watoto wabaki nje mpaka jioni, waingie mmoja mmoja. Liweke boksi karibu na ukuta, fungua kijimlango chake, halafu kaa sakafuni mgongo wako ukiwa umeegemea kitanda. Usimwite. Kwanza utaiona pua.